Bolti Imekatikia Ndani? Isome Kabla Hujamfukuza Dereva

*Mradi wa gari ni wa watu wawili, lakini likigoma njiani kila mtu anatafuta wa kumlaumu. Kumbe mara nyingi jibu limelala pale pale, kwenye kipande cha chuma kilichovunjika.*

Kaa kwenye kikao chochote cha harusi hapa Dar es Salaam, subiri michango ihesabiwe na soda zifunguliwe, kisha sikiliza watu wanaongea nini. Utasikia kuku wa mayai, utasikia viwanja vya Kigamboni, halafu utasikia gari la biashara. Wawili wameoana, mmoja yuko benki, mwingine hospitali. Wanaunganisha akiba, wanaongezea mkopo, wananunua kilori cha mkono wa pili. Ndoto ni tamu: gari linabeba mzigo, dereva analeta hesabu, marejesho yanalipika, nanyi mnaendelea na ofisi zenu kama kawaida.

Kisha usiku mmoja simu inaita. “Bosi, gari limegoma kuwaka. Stata imening’inia.”

Mwezi huu, msomaji wangu, naomba tuache kidogo mambo ya wivu na mawifi, tuingie gereji. Usikunje uso. Nimeona nyumba zikitikiswa na vitu vidogo kuliko kidole gumba, na bolti ya stata ni kimojawapo. Ikikatika, maamuzi mawili hufanyika haraka haraka na kwa hasira: fundi anashika drili, mwenye gari anamtimua dereva. Yote mawili yanaweza kukugharimu kuliko stata yenyewe.

STATA NI KITU GANI HASA?

Zamani gari liliwashwa kwa hendeli. Utingo anasimama mbele, anazungusha chuma kwa nguvu zake zote, na injini ikirudisha teke, mkono unaweza kuvunjika. Kwa magari ya mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ya Marekani ikaingiza sokoni stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Tangu hapo kazi ya hendeli ikaanza kuhamia kwenye mota ndogo inayolishwa na betri.

Mota hiyo imefungwa ubavuni, kwenye kasha linalofunika flaiwili, pale injini inapokutana na giaboksi. Ukizungusha ufunguo, gia ndogo ya stata inaruka, inang’ata meno yaliyoizunguka flaiwili na kuizungusha injini mpaka iwake. Gia ndogo ina meno kama kumi hivi, flaiwili ina zaidi ya mia. Kwa hiyo stata inazunguka mara nyingi ili injini izunguke mara moja, na nguvu hiyo yote inataka kuigeuza stata yenyewe upande wa pili. Kinachoizuia isigeuke ni bolti mbili au tatu tu, nyingi zikiwa na unene wa milimita 10 au 12. Kwa lugha ya gereji za magari ya Kijapani, ni bolti za spana 14 na spana 17.

Sasa sikiliza hili, maana wengi hawalijui. Bolti haikutengenezwa ibebe mzigo huo kwa shingo yake. Kazi yake ni kubana. Ikibana sawasawa, uso wa stata na uso wa kasha vinashikana kama viganja viwili vilivyofumbatana, na mshikano huo ndio unaobeba nguvu. Bolti ikilegea hata kidogo, viganja vinaachana, stata inaanza kucheza, na kila gari linapowashwa bolti inapindwa huku na huku. Chukua waya, upinde na kuukunjua sehemu ile ile. Haukatiki mara ya kwanza wala ya tano, lakini utakatika tu.

YALIYOTUKUTA SISI

Kilori chetu ni cha tani tatu na nusu, cha Kijapani, kinabeba nyanya kutoka Ilula mkoani Iringa kuja Dar. Wakati huo tulikuwa tumebakiza miezi saba kumaliza mkopo. Jioni moja dereva alisimama Ruaha Mbuyuni apate chakula, akazima gari. Aliporudi na kuzungusha ufunguo akasikia chuma kikisagana, krrr, halafu kimya. Kuinama chini, akaikuta stata imelala upande, imeshikiliwa na waya wake tu.

Dereva mwenye papara angeendelea kujaribu. Wetu hakufanya hivyo. Alifungua betri kwanza, upande wa hasi, kwa sababu ule waya mnene wa stata huwa na moto muda wote hata kama ufunguo uko mfukoni. Spana ikiugusa huku inagusa bodi, cheche zake si mchezo. Kisha akaitoa stata nzima, akaiweka kwenye kebini, akazifunga ncha za waya kwa vipande vya tyubu mpaka zikawa salama, ndipo akairudisha betri ili apate taa. Akamwomba dereva mwenzake wa lori kubwa amvute. Gari likawaka kwa klachi, na hakulizima tena mpaka sokoni, alfajiri. Nyanya zikashuka zikiwa nzima.

Mnaweza kudhani alipongezwa. Wapi! Asubuhi ile ile mume wangu alitaka akabidhi ufunguo. Hoja yake ilikuwa nzito: stata ilitoka kwa fundi miezi miwili tu nyuma, imefanyiwa sevisi na pesa tumelipa. Sasa bolti zinakatikaje? Ama dereva analazimisha gari, ama amefungua stata nzuri akaiuza na kutubandikia kimeo. Mimi niliona vingine, ila sikuwa na ushahidi, na kwenye ndoa hoja isiyo na ushahidi inageuka ugomvi. “Wewe unamtetea kwa sababu gani?” Swali kama hilo likishaulizwa mbele za watu, tena gereji, ujue siku imeharibika.

Dereva alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Nyumbani kwake Mbagala ameacha mke mwenye mimba ya miezi minane. Hakujitetea sana. Alisema tu, “Dada, naombeni muangalie bolti zenyewe kwanza.” Akatoa mfukoni kiberiti. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha bolti alichokikuta kimenasa kwenye sikio la stata.

MKATIKO UNA MANENO YAKE

Fundi tunayemtumia sasa ni mtu mzima, kila mtu pale Ilala anamwita Mzee, basi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa tayari yuko chini ya gari na tochi. Kijana wake alishachomeka drili kwenye umeme. Mzee akamwambia, “Iweke chini hiyo. Hujajua bado tatizo ni nini.”

Kasha lilikuwa na matundu matatu ya bolti za stata. Mawili yalikuwa na vipande vilivyokatikia ndani. La tatu lilikuwa limejaa tope lililokauka na kuwa gumu kama tofali. Mzee alilichokonoa kwa bisibisi, likatoka vumbi.

“Mama, hapa hapakuwa na bolti,” akaniambia. “Na hili tope si la jana.”

Kisha akaomba ule mzigo wa kwenye kiberiti. Akaufuta kwa kitambaa, akatuita wote wawili tusogee. Uso wa mkatiko ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu kubwa ilikuwa laini na nyeusi kwa kutu na grisi, yenye mistari myembamba iliyojipinda, kama ile inayoachwa na maji ya bahari mchangani yakirudi nyuma. Pembeni kabisa palikuwa na kipande kidogo kinachong’aa, chenye chengachenga kama sukari guru iliyovunjwa.

Ile sehemu nyeusi ni ufa wa siku nyingi. Ulianza taratibu, ukawa unaongezeka kidogo kidogo kila gari linapowashwa, huku maji na uchafu vikiingia. Ile inayong’aa ndiyo iliyokatika Ruaha Mbuyuni, baada ya chuma kilichobaki kushindwa. Wahandisi wanaita hali hii uchovu wa chuma. Kama mtu angeilazimisha bolti nzima mpaka ikatike kwa mara moja, uso wote ungekuwa na rangi moja, mpya, bila alama ya kutu ya zamani ndani yake.

Kwa maneno mengine, stata ilifungwa kwa bolti mbili badala ya tatu. Zile mbili zikalemewa, zikalegea, zikaanza kupasuka muda mrefu kabla ya safari ile. Fundi aliyeifunga tulipomuuliza baadaye alikiri kwamba bolti ya tatu ilimpotea, akaona mbili zinatosha.

Mume wangu alikishika kile kichwa cha bolti kwa muda, anakigeuza geuza. Hakusema neno. Kisha akamgeukia dereva: “Nenda kalale. Keshokutwa tunapakia.” Jioni ndiyo akampigia simu na kumwomba radhi, na hilo nililisikia kwa masikio yangu.

KUITOA BILA KUUA TUNDU

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bolti yenyewe ni bei ya chakula cha mama lishe. Kasha likiharibika, giaboksi inashuka, na hapo unaongelea siku kadhaa gari likiwa juu ya mawe. Kwa hiyo jua kwanza una kesi gani kati ya hizi mbili.

*Kesi ya kwanza: bolti ilikatika kwa kulegea.* Hii ndiyo yetu. Habari njema ni kwamba bolti iliyolegea haibani tena, hivyo kipande kilichobaki mara nyingi hutoka kirahisi. Mzee alichukua panchi ndogo, akaiweka pembeni ya kipande, akawa anagonga polepole kuelekea upande wa kufungulia. Kikasogea nywele moja, kikasogea tena, mwisho akakimalizia kwa vidole. Dakika kumi, bila drili.

*Kesi ya pili: bolti ilikatika wakati wa kufunguliwa.* Hii imeshikwa na kutu na haitaki kutoka. Hapo subira ni dawa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, gonga kidogo, acha yanywe, rudia. Ikiwezekana yalale usiku kucha. Kama kipande kimechomoza, kinashikwa kwa koleo la kujifunga, kinazungushwa kidogo kwa kufunga, kidogo kwa kufungua, mpaka kikubali.

Kipande chetu cha pili nacho kiligoma, kwa sababu stata iliyokuwa inacheza ilikigonga mdomo kikatanuka. Ikabidi aitwe fundi wa kuchomelea. Anaweka nati juu ya kipande, anachomelea katikati ya nati mpaka vishikane, anaacha vipoe kidogo, kisha spana inaingia kwenye nati. Kinachosaidia zaidi ni moto wenyewe: chuma kinatanuka, kinasinyaa, na kutu inaachia. Nati ya kwanza ilikatika. Ya pili ilitoka na kipande chake.

Kama kasha la gari lako ni la aluminiamu, una bahati moja: moto wa kuchomelea chuma haushikani na aluminiamu kirahisi, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo tundu linafunguka. Kama ni la chuma cha kutupwa, fundi awe makini zaidi, maana kuchomelea kukigusa ukuta wa tundu kunaganda, na joto la ghafla linaweza kulipasua.

Kabla moto haujawashwa, mambo manne hayana mjadala. Betri zifunguliwe, na kama gari lina kompyuta au altaneta unayoipenda, nazo zichomolewe. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Grisi na mafuta yafutwe. Na mtu asimame na mtungi wa kuzimia moto mkononi, siyo ndani ya ofisi.

DRILI IWE YA MWISHO

Drili si adui, ila ni silaha ya mwisho. Bolti iliyokatika huwa na uso wenye mabonde, na ncha ya drili hupenda kuteleza kuelekea pembeni. Chuma cha bolti ni kigumu kuliko aluminiamu ya kasha, kwa hiyo drili ikiteleza inakula kasha na kuiacha bolti. Ukimaliza una tundu lililokaa upande, na stata haitakaa mahali pake tena.

Ikibidi kutoboa, uso usawazishwe kwanza, katikati pawekewe alama kwa panchi, ianze biti nyembamba ya kama milimita 3, ndipo ziongezwe taratibu. Zipo biti zinazokata kwa kuzunguka kinyume. Hizo mara nyingine hutoka na bolti zenyewe. Uwe mwangalifu na kile kichuma cha kuvutia bolti, chenye meno ya kurudi nyuma. Ni kigumu sana lakini hakipindi, kinakatika. Kikikatikia ndani, drili ya kawaida haikiwezi, na tatizo dogo limekuwa kubwa.

Thredi zikifa kabisa, bado kuna njia. Tundu linatanuliwa, linakatwa thredi mpya, kinaingizwa kikoili cha chuma chenye thredi za kipimo kile cha zamani. Ikifanywa na mtu anayejua, inashika vizuri, hasa kwenye aluminiamu. Kitu cha kukataa ni gundi, tepu, au bolti kubwa iliyolazimishwa kwa nyundo. Huo ni usanii.

BOLTI MPYA SI BOLTI YOYOTE

Ukienda duka la spea Kariakoo au Ilala usiseme tu “nipe bolti ya 17”. Namba hiyo ni ya spana. Beba sampuli, na uangalie vitu vitatu.

Kwanza, thredi. Bolti ya kawaida ya milimita 12 ina nafasi ya milimita 1.75 kati ya thredi moja na nyingine, lakini magari mengi ya Kijapani hutumia 1.25. Ukiingiza isiyo yake, itaingia mizunguko miwili kisha itakaza. Kijana wa gereji atasema imebana. Haijabana, inakula thredi. Bolti sahihi huingia kwa vidole karibu mpaka mwisho.

Pili, urefu. Fupi mno inashika thredi chache. Kwenye chuma iingie angalau sawa na unene wake, kwenye aluminiamu mara moja na nusu mpaka mbili. Ndefu mno nayo ni hatari iliyojificha: kama tundu halitokei upande wa pili, bolti inagonga mwisho kabla haijaibana stata. Spana inakuambia imekaza, kumbe stata inacheza.

Tatu, nguvu. Kwenye kichwa cha bolti tafuta maandishi kama 8.8 au 10.9. Ile 8 ya kwanza ina maana chuma hicho huhimili kama megapaskali 800 kabla ya kukatika. Bolti isiyo na alama yoyote inafaa kwenye geti la nyumba, siyo kwenye stata. Ununue zile zinazolingana na za kiwandani, zote kwa pamoja. Ukibadilisha moja na kuacha nyingine yenye ufa, umenunua safari nyingine ya usiku.

Wakati wa kufunga, nyuso zote mbili zisafishwe tope, rangi na kutu. Hiyo inasaidia pia umeme, maana stata nyingi hupata ardhi yake kupitia mwili wake. Ikilegea, inazunguka kivivu na watu wanasingizia betri. Bolti zote zianzwe kwa mkono, ndipo zikazwe kwa zamu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya siku chache za kazi, spana irudi kuhakikisha.

Na kabla ya yote, fundi achungulie meno ya flaiwili huku akiizungusha injini kwa mkono. Stata iliyocheza huyatafuna. Yakiisha, giaboksi itashuka tu, hakuna ujanja.

TURUDI NYUMBANI

Sasa wewe na mwenzako. Gari la biashara linaleta mtu wa tatu kwenye ndoa yenu: dereva. Anashika mali yenu kubwa kuliko zote, analipwa kidogo kuliko nyote, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kushukiwa. Wapo madereva wezi, sikatai. Lakini ukimfukuza mwaminifu kwa kosa la fundi, umepoteza mara mbili: mtu amekosa kazi, na tatizo limebaki kwenye gari likimsubiri dereva mpya.

Nyumbani kwetu tulikubaliana mambo machache tangu siku ile, na mpaka leo yanatusaidia.

Mmoja tu ndiye anayezungumza na dereva gari likiwa njiani. Akipigiwa na watu wawili wenye amri mbili, atafuata ile inayompendeza.

Kipande chochote kilichovunjika kinarudi nyumbani. Hakuna kutupa. Fundi asipotaka kukuonyesha alichokitoa, jiulize kwa nini.

Lipo daftari la gari: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, nani kaifanya, bolti ngapi zimefungwa. Ndiyo, ngapi. Ukiwa ofisini hujui lolote la spana, bado unaweza kuhesabu mpaka tatu.

Kwenye kila hesabu ya wiki kuna pesa inatengwa kwa ajili ya matengenezo, na haiguswi kwa mchango wa harusi wala ada. Pesa ya dharura ikiwepo, hakuna anayelazimika kumpa kazi fundi wa bei chee kwa sababu tu mfuko umekauka.

Na uamuzi wa kumwachisha mtu kazi haufanyiki siku ya tukio. Unalala nao usiku mmoja kwanza.

SIMU IKIITA USIKU: MFUNDISHE DEREVA WAKO MAPEMA

1. Akisikia kelele ya kusagana au stata inazunguka kivivu, aache kuzungusha ufunguo. Kila jaribio linakula meno ya flaiwili.

2. Azuie magurudumu kwa mawe na aweke alama za tahadhari barabarani kabla ya kuingia chini ya gari. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

3. Afungue waya hasi wa betri kabla hajagusa waya wa stata.

4. Kama stata imening’inia, aitoe. Asiifunge kwa waya na kuendelea na safari.

5. Ahifadhi vichwa vya bolti, hata kama ni kimoja, na apige picha ya matundu kwa simu yake kabla hajafuta chochote.

6. Asimruhusu fundi wa njiani kutoboa. Gari la dizeli la mtindo wa zamani likishavutwa na kuwaka linaweza kufika mjini bila stata. Tundu lililotobolewa vibaya halirudi lilivyokuwa.

Nakili orodha hii, iweke kwenye dashibodi ya gari lenu pamoja na bolti mbili za akiba za kipimo chake na chupa ndogo ya mafuta ya kulegeza kutu. Wikiendi hii, kabla gari halijapakia, nendeni wote wawili gereji, muinamishe vichwa na tochi, mhesabu bolti za stata. Mkikuta zimetimia, mmepata sababu ya kwenda kula nyama choma kwa amani. Mkikuta imepungua moja, mmeiwahi.